Mbwa mkali: lawama ni ya mbegu au ya mwenyewe?

Kila mara mbwa anapomjeruhi mtu na habari ikafika kwenye simu zetu, swali la kwanza huwa ni lile lile: alikuwa mbwa wa aina gani? Akitajwa Rottweiler, Boerboel au pitbull, watu hutikisa vichwa na kesi imekwisha. Akiwa mbwa koko, habari yenyewe haifiki mbali. Swali la pili, mwenyewe ni nani na mbwa alikuwa amefungiwa wapi, huulizwa kwa nadra. Nataka tulitazame hilo la pili, ingawa la kwanza nalo nitalipa haki yake.

Najua wapo watakaosema, sisi watu wa Pwani, tena Waislamu, mbwa watuhusu nini? Watuhusu sana. Vijana wetu wangapi ni walinzi wa majumba ya Nyali, Diani na Watamu, na kazi yao ya kwanza jioni ni kumfungulia mbwa wa tajiri, na ya mwisho alfajiri ni kumrudisha kibandani? Watoto wetu wangapi wanapita kando ya majaa wakienda madrasa, na mbwa wasio na mwenyewe wamelala pale? Na siku hizi tumeoana na bara. Watoto wetu wana babu na nyanya Murang'a, Nyeri na Meru, na huko kila boma lina mbwa.

Mimi nayajua haya kwa njia ya Kangema. Mke wa ndugu yangu ni mzaliwa wa huko, na watoto wao huenda kwa babu yao kila likizo ya Disemba. Kwa asiyepajua, Kangema iko Kaunti ya Murang'a, chini ya milima ya Aberdare, kwenye barabara inayotoka mji wa Murang'a ikapanda hadi Kiria-ini, Othaya na mwisho Nyeri. Ardhi yake ni migongo mirefu na mabonde yenye mito ya maji baridi. Juu kwenye ukungu ni chai, chini kidogo ni kahawa, na siku hizi parachichi zimejaa kila mahali. Nyumba hazikubanana kama zetu za Kibokoni au Lamu. Kila mtu yuko katikati ya shamba lake, na ua mara nyingi ni miti na miiba, si ukuta wa mawe.

Katika nchi ya namna hiyo mbwa ni chombo cha kazi, kama jembe na panga. Ng'ombe wa maziwa aweza kuibwa usiku mmoja na akawa nyama kabla ya jua kuchomoza. Kahawa huibwa, parachichi huchumwa mbichi na wezi. Ngui, kama Wakikuyu wanavyomwita, ndiye kengele ya mlangoni. Mchana hufungwa mnyororo karibu na ghala la mahindi, usiku hufunguliwa, na chakula chake ni mabaki ya ugali na githeri. Jina lake ni Simba, Bosi, Chui au Jimi. Na getini pametundikwa kibati: MBWA KALI.

(Kibati hicho kimenikera tangu utotoni. Sisi tulifunzwa kuwa mbwa ni mnyama, naye ni mkali, si kali. Lakini kosa hili limeenea kutoka Vanga hadi Turkana, na nadhani ndiyo sentensi ya Kiswahili inayosomwa na watu wengi kuliko zote nchini. Nimeshakata tamaa ya kuisahihisha.)

Likizo moja mtoto wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka 9, aling'atwa huko. Ndugu yangu alikuwa kazini Ghuba, kwa hivyo nilipanda mimi kumfuata. Nilipofika nilidhani nitaambiwa ni yule mbwa wa mwenye kinu cha unga, dubwana lenye masikio yaliyosimama ambalo mtaa mzima humwita "German" na kumpita kwa mbali. Sivyo. Aliyemng'ata ni mbwa wa jirani wa pili, mdogo, wa rangi ya kahawia, wa kienyeji kabisa. Mnyororo ulikatika, mtoto akawa anapita na kibuyu cha maziwa, akaona mbwa anamjia, akakimbia.

"Ami, mimi nilikuwa namwogopa yule mkubwa," akaniambia. "Huyu sikumwogopa hata kidogo."

Babu yake alikuwa na aibu kama kwamba yeye ndiye aliyeng'ata. "Mwanangu," akaniambia, "huyu si mbwa wa kung'ata. Hana hiyo mbegu."

"Mzee, amechanjwa?" nikauliza.

Akaitwa jirani. Jirani akashangaa kuulizwa. Chanjo, alivyojua yeye, ni ya mbwa wa kununuliwa, wale wenye bei. Huyu alipewa bure akiwa mtoto, ana miaka minne, hajawahi kuguswa na sindano.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo tatizo lote. Jirani huyu si mtu mbaya. Yeye alishaamini, kama wengi wetu, kwamba hatari ni ya mbegu fulani, na kwamba mbwa asiye na mbegu hiyo hana haja ya kufikiriwa. Kwa hivyo hakumchanja, hakukagua mnyororo, na hakuwaonya watoto. Hofu yote ya mtaa ilikuwa imewekwa kwa German wa kinuni, ambaye, nilipomchunguza, alikuwa na ua wa mabati, kibanda chenye komeo, na kadi ya chanjo iliyobandikwa ukutani pamoja na leseni ya kinu.

Sasa tuje kwenye mbegu yenyewe. Si hekaya kwamba wanadamu wamewazalisha mbwa kwa makusudi tofauti. Rottweiler ana jina la mji wa Rottweil huko Ujerumani, ambako alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. German Shepherd, kama jina lake lilivyo, alikuwa wa wachungaji wa kondoo, na chama cha kumzalisha kilianza mwaka 1899. Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini. Asili ya pitbull ndiyo mbaya zaidi kusimulia: Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wakiwachokoza fahali kwa mbwa kama mchezo, na mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1835 wengine wakageukia kuwapiganisha mbwa kwa mbwa, wakachanganya damu ili kupata mnyama mwenye taya za mbwa wa kuchokozea fahali na wepesi wa mbwa mdogo.

Kwa hivyo anayesema mbegu si kitu hasemi kweli. Rottweiler dume hufika kilo 50 na kupita. Mbwa wa kienyeji wa Kangema hana hata nusu ya hizo. Wakimrukia mtoto kwa hasira ile ile, mmoja ataacha alama za meno na mwingine anaweza kuua. Ukubwa wa jeraha ni jambo la mbegu, na hilo sibishani nalo.

Ninalobishana nalo ni dai kwamba mbegu ndiyo inayoamua kama mbwa atang'ata. Mwaka 2022 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Mbegu iliweza kueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Na katika tabia zote zilizopimwa, wepesi wa kuchokozeka na kuwa mkali ni miongoni mwa zile ambazo mbegu ilishindwa kuzitabiri.

Kabla ya hapo, mwaka 2013, madaktari wa mifugo wa Marekani walikuwa wamechambua vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa nchini mwao kati ya 2000 na 2009. Katika asilimia 87 ya vifo hivyo hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuingilia kati. Asilimia 84 walikuwa mbwa ambao hawakuhasiwa. Asilimia 76 walikuwa wakifugwa mbali na watu, kwenye mnyororo au uani, bila kuzoeshwa familia. Na ile mbegu inayotajwa kwenye vichwa vya habari? Iliweza kuthibitishwa katika chini ya kesi moja kati ya tano. Zilizobaki ni maneno ya shahidi aliyeona mbwa mwenye kichwa kikubwa. Hili halinishangazi, kwani Kangema kila mbwa mwenye masikio yaliyosimama ni "German", hata kama mama yake alizaliwa chini ya karakana ya baiskeli.

Tafadhali zisome tena sababu hizo tatu ukiwa na boma la kijijini akilini. Mbwa asiyehasiwa, aliyefungwa mbali, na mtoto anayepita peke yake. Si habari za Marekani hizo. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi tangu asubuhi hawezi kukimbia anapotishwa, na mnyama asiyeweza kukimbia hubaki na meno tu. Kisha kuna suala la utotoni. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu azaliwe, mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenziwe na nani ni adui. Akikulia gizani chini ya ghala, asiguswe na mtu ila anayemtupia ugali, kila mgeni kwake atakuwa mwizi, hata mtoto mwenye kibuyu cha maziwa. Wazee wetu walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na walisema pia kwamba mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Ukiitazama methali hiyo ya pili, inamtaja msasi kwanza.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya mbegu. Uingereza ilipitisha Sheria ya Mbwa Hatari mwaka 1991 na kupiga marufuku aina nne: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Watu waliotaka mbwa wa kutisha wakahamia kwa mbwa asiyekuwemo kwenye orodha, na miaka 30 baadaye serikali ikalazimika kuongeza wa tano, XL Bully, kwa Uingereza na Wales mwishoni mwa 2023. Uholanzi ilipiga marufuku pitbull mwaka 1993, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2008 baada ya kuona haijapunguza watu kung'atwa. Afrika Kusini nako mwaka 2022, baada ya watoto kadhaa kuuawa, watu wengi walitia saini maombi ya kutaka pitbull wapigwe marufuku, na uchungu wao naufahamu. Mzazi aliyezika mtoto humwambii habari za asilimia 9.

Lakini tazama kilichotokea San Francisco. Januari 2001 mwanamke aliuawa na mbwa wawili wakubwa aina ya Presa Canario kwenye ujia wa jengo alilokuwa akiishi. Waendesha mashtaka waliwashtaki mume na mke waliokuwa na mbwa hao, kwa kuwa walishaonywa mara nyingi na wakapuuza. Wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na mke, ambaye ndiye aliyekuwa nao siku ile, akatiwa hatiani kwa mauaji na hatimaye kuhukumiwa kifungo cha kuanzia miaka 15 hadi maisha.

Hapa kwetu Kenya sheria zipo, na nyingi zinamtazama mwenye mbwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, inamfanya kuwa na kosa mtu anayepuuza kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake, kwa uzembe unaohatarisha maisha ya mtu. Haikutaja mbegu yoyote. Upande wa madai ya fidia, mahakama zetu bado zinatumia kanuni za kale za Kiingereza tulizozirithi kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, na moja yake inasema mwenye mbwa atalipa ikiwa alijua mbwa wake ana tabia ya kudhuru watu. Waingereza wenyewe waliibadilisha kwao mwaka 1971, sisi tunaendelea nayo.

Ona sasa mtego wa kile kibati cha getini. Mwenye boma anadhani kimemkinga. Lakini wakili wa aliyeng'atwa anaweza kukigeuza na kuuliza: bwana, kama hukujua kwamba mbwa wako ni mkali, mbona uliandika?

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katiba ya 2010 yenyewe inawataja mbwa. Jedwali la Nne, katika orodha ya kazi za kaunti, linasema udhibiti na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Sio Nairobi, ni Murang'a, ni Mombasa, ni Kilifi. Nairobi ilijitungia sheria yake ya kudhibiti mbwa mwaka 2015. Waulize wawakilishi wako wa wadi kwako, mara ya mwisho walipolizungumza jambo hili bungeni ilikuwa lini.

Nikiwa Kangema sikuacha kumfikiria marehemu John Michuki, aliyekuwa mbunge wa huko hadi alipofariki Februari 2012. Vijana wa leo huenda wamesikia tu jina, lakini sisi tuliopanda matatu za miaka ya tisini tunamkumbuka. Gari la abiria 14 lilibeba 25, muziki ukipasua masikio, dereva akishindana na mauti. Wapo waliosema gari lenyewe ndilo bovu, ile Nissan ni jeneza, ipigwe marufuku. Michuki akiwa waziri wa uchukuzi hakupiga marufuku gari. Sheria zilizoanza kutumika Februari 2004 zilidai kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda, sare kwa dereva na utingo, na mwenye gari asipotimiza, gari halitoki. Mzigo ukawekwa juu ya mtu. Utekelezaji ulilegea baadaye, hiyo ni habari nyingine, lakini miezi ile ya mwanzo sote tulikaa kwenye viti vyetu.

Kwa mbwa ningetaka vivyo hivyo, na nikaongeza sharti moja: kadiri mnyama alivyo mkubwa, ndivyo masharti ya mwenyewe yazidi. Anayeendesha lori haendeshi kwa leseni ya pikipiki. Anayetaka Boerboel awe na ukuta, komeo, na mtu aliyefunzwa kumshika.

Dini yetu nayo haiko mbali na hapa. Watu hudhani Uislamu umemkataa mbwa moja kwa moja, lakini mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa kwenye Qur'ani pamoja na mabwana zake. Mtume (S.A.W.) alipowataja viumbe ambao hata aliye katika ihramu anaruhusiwa kuwaua, alimtaja mbwa mng'ataji, yaani alimtambulisha kwa kitendo chake. Najua ipo pia hadithi ya mbwa mweusi, na wanazuoni wameizungumza kwa urefu. Mimi si shekhe, nawaachia wenye elimu. Lakini hukumu ya dhamana ninaikumbuka tangu chuoni: mifugo ikiharibu shamba la mtu usiku, mwenye mifugo hulipa, kwa sababu usiku ni wajibu wake kuifunga. Hakuna aliyeuliza ni mbuzi wa aina gani.

Narudi kwenye jambo lililonifanya nisilale usiku ule, nalo ni kichaa cha mbwa. Hapa ndipo mjadala wa mbegu unapokuwa wa hatari kabisa, kwa sababu virusi havichagui. Mbwa wa laki na mbwa wa bure wanakuwa sawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kati ya kila kumi, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Kwetu Kenya makadirio ya serikali yamekuwa kama watu 2,000 kwa mwaka, na mpango wa taifa ulioanza 2014 unalenga kuumaliza ifikapo 2030. Dalili zikishaanza, ya kuogopa maji na kuweweseka, hakuna dawa. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi, mara nyingi ya wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu, na mtu akitibiwa vizuri ndani ya nafasi hiyo hupona.

Kwa hivyo mtu akiumwa, oshea kidonda maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Usitie kitunguu, pilipili, wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, akaanze sindano za chanjo na arudi tarehe zote atakazoandikiwa, asiache kwa kuona kidonda kimefunga. Kidonda kikiwa kirefu, au kiko usoni au kichwani, uliza kuhusu sindano nyingine ya kinga inayodungwa pale pale kidondani. Zahanati ya kwanza tuliyokwenda na mtoto haikuwa na chanjo, tukaelekezwa kwingine, na kwingine huko tukaipata saa moja usiku. Piga simu kwanza ikiwezekana.

Na msimuue mbwa papo hapo. Vijana wa kule walikuwa tayari wameshika rungu. Afisa wa mifugo aliwazuia, akasema afungwe, apewe chakula na maji, atazamwe siku 10. Mbwa mwenye kichaa aliyekwisha kuwa na virusi kwenye mate hafiki siku 10 akiwa mzima. Wa kwetu alifika, alhamdulillah, akiwa na hamu ya kula kama kawaida. Angeuawa siku ile, tungebaki na mashaka na mtoto.

Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Si ndoto. Ndugu zetu wa Pemba, kisiwa cha Waislamu ambacho mbwa si wengi na hawapendwi, walichanja mbwa wao kwa kampeni hadi ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ukarudi 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umeondoka. Hawakuanza kwa kuulizana ni mbwa wa mbegu gani.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana wetu walinzi, kwa sababu nyinyi ndio mnaokaa karibu na meno kuliko tajiri mwenyewe. Kabla ya kukubali kazi ya usiku yenye mbwa, ombeni kuiona kadi yake ya chanjo, na muangalie tarehe. Ulizeni amewahi kung'ata nani. Ombeni mwenyewe awatambulishe kwa mbwa mchana, siku kadhaa, naye akiwapo, si kuachiwa mnyororo saa kumi na mbili jioni na kuambiwa jina lake ni Tiger. Andikishaneni ni nani atakayelipa hospitali. Wekeni nguo ya kazi mbali na kanzu ya swala, na kama ni mate yaliyogusa, mnajua: mara saba, moja kwa mchanga. Tajiri akikasirika kwa kuulizwa haya, basi tafuteni lango jingine.